Simu ya Kiongozi wa Msako

Jumapili, 29 Septemba 2024

Nimeamua. Nasasisha simu kabla ya msako wa kulungu. Zimebaki siku kumi na tatu, na mimi si mwoga.

Dada yangu Helinä alikuja kunywa kahawa, nikamwambia. Akaweka kikombe chini. Simu inafanya kazi, akasema, sasa unaigusa ya nini? Nikamwambia inachelewa kukamata setilaiti za kunionyesha nilipo – dakika sita pale kwenye kinamasi cha kaskazini, nimehesabu kwa saa – na toleo jipya limerekebisha jambo hilo. Akasema yake inakamata papo hapo. Ndiyo, na yake inamtangazia kila muuza duka alikopita! Akachukua andazi la pili la mdalasini.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja na simu za Linux. Hii ni ya tatu. Nilifanya kazi kiwanda cha simu miaka kumi na tisa, mstari wa kuunganisha, hadi siku walipotugawia maboksi tutie vikombe vyetu twende zetu. Najua simu ina nini tumboni. Sitaki simu inayonificha mambo. Hii nikitaka kuingia ndani kwa amri, naingia. Nikitaka kubadilisha kitu, nabadilisha. Kijiji kizima nani mwingine anaweza kusema hivyo? Hakuna!

Na ramani ya chama cha wawindaji imo humo humo. Vituo sitini na viwili vya kusimama wawindaji, kila kimoja na mpaka wake wa risasi: mwisho msonobari huu, usivuke mwamba ule. Nilianza kuiweka mwaka ule waliponichagua kiongozi wa msako. Kura kumi na tano kwa kumi na tatu. Kabla yangu Teuvo alishika kazi hiyo miaka ishirini na mmoja, na ramani yake ilikuwa kichwani mwake na kwenye kijitabu cha jalada la plastiki. Angeteleza ziwani, chama kizima kingebaki kipofu.

Mwaka huu ndio nimefanya kazi kubwa kuliko zote. Agosti, siku mbili nzima, eneo lote la kaskazini, vituo kumi na tisa. Kuna familia imenunua nyumba ya zamani ya Lehtola. Watoto wanne. Trampolini yao, turubai la kurukia, iko pale ambapo zamani tulielekeza bunduki bila hata kufikiri. Kwa hiyo kila mpaka ulipimwa upya, mti kwa mti. Nilikwenda na Teuvo kwa sababu ndiye anayejua mipaka ya mashamba, na mwenye shamba mmoja akatuonyesha yake. Alilalamikia magoti yake njia nzima. Lakini kazi ilikwisha. Bila alama zile hakuna risasi kaskazini, na kulungu wote wako kaskazini.

Leo nimehifadhi nakala. Kwanza kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha kwenye kompyuta. Mara mbili! Picha, hati, majina, ujumbe. Wengine wangefanya mara moja wakalala.

Jumatatu, 30 Septemba

Maandalizi. Napenda maandalizi.

Nafasi: zinatakiwa giga tatu, zilikuwepo mbili. Nimefuta video za mbwa wa Helinä. Arobaini na moja! Mbwa analala, mbwa anakula, mbwa analala tena.

Programu za nje, zile zisizotoka kwenye duka la simu yenyewe, zote nje. Hata ya ramani. Nitairudisha nikimaliza. Kila moja ikaniuliza: ufute na data zake? Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Simu safi kama sakafu ya mkesha wa Krismasi.

Viraka navyo. Vile vipande vidogo vya programu wanavyoandika watumiaji wenyewe, kubadilisha saa ikae kulia, herufi ziwe nene, mambo hayo. Kiraka ukikiacha simu ikasasishwa, kinang'ang'ania mahali ambapo hapapo tena, na simu haiwaki. Kwenye jukwaa letu la mtandaoni kila mwezi kuna mtu analia kwa sababu hiyo hiyo. Jamani, someni maelekezo! Vilikuwa sita kwenye orodha. Nimetoa vyote sita.

Betri asilimia tisini na sita. Nimeizima na kuiwasha upya. Kesho.

Jumanne, 1 Oktoba

Toleo la lazima la kwanza limeingia. Dakika kumi na nane. Huwezi kuruka moja kwa moja hadi jipya kabisa. Kuna matoleo ya kupitia, moja baada ya jingine. Wenye pupa huruka. Halafu wanakuja jukwaani.

Niliiweka juu ya jokofu nisije nikaigusa. Ikawaka yenyewe. Nimeisalimu.

Jumatano, 2 Oktoba

La pili nalo. Dakika kumi na tano. Imewaka.

Kazini leo, kwa wazee ninaowahudumia, bibi mmoja ninayemwogesha ameniuliza mbona natabasamu na mvua yote hii. Nikamwambia nina mafanikio ya kiufundi. Akasema marehemu mumewe naye alikuwa nayo, na nyumba ilikaa bila umeme wiki nzima.

Alhamisi, 3 Oktoba

Toleo la mwisho. Saa kumi na moja jioni.

Mstari wa kusasisha ulifika mwisho. Ikazima. Ikaonyesha nembo. Ikazima. Nembo. Ikazima.

Nusu saa. Nembo, giza, nembo, giza.

Hapana.

Ijumaa, 4 Oktoba

Vilevile. Nimebonyeza kitufe sekunde kumi, sekunde thelathini, dakika. Nembo, giza.

Najua kuna njia ya kuifuta yote ikarudi kama ilivyotoka kiwandani. Dakika tano tu. Hiyo ni njia ya watu wasio na subira. Nataka kwanza kujua kosa ni la nani. Langu haliwezi kuwa! Nafasi ipo, betri ipo, viraka sita, matoleo sikuruka. Nimeanza upya kuhesabu na bado sijaona.

Kuuliza jukwaani? Mimi? Niliyewajibu watu pale miaka tisa? Thubutu!

Natembea na simu ya ofisi. Hakuna aliyegundua.

Jumamosi, 5 Oktoba

Leo kazi ya pamoja kwenye banda la chama, kama kila mwaka wiki moja kabla ya msako. Watu ishirini na wawili. Kuni zimepasuliwa, ngazi za vituo vitatu zimebadilishwa, chungu cha supu kimesuguliwa hadi unaona uso wako. Nilipanga makundi na kila kundi likaenda. Hakuna aliyebisha. Mwaka wa kwanza walikuwa wakinisikiliza kisha wanageuka kumtazama Teuvo waone kama ni kweli. Sasa hawageuki.

Wakati wa kahawa Teuvo akasema, haya Raija, tuonyeshe hiyo ramani yako, kituo cha ishirini na tatu kinaangalia wapi mwaka huu?

Nikaokota shoka, niwe na cha kushika.

Nikasema simu iko nyumbani, inapumzika.

“Inapumzika!” akasema. “Kumbe nayo ina likizo?”

Wakaangua kicheko. Esko, yule mwenye mbwa wawili, akasema simu ya Raija lazima inywe kahawa kwanza ndipo iwake. Nikacheka nami. Kisha nikasimama nikasema kwa sauti ramani iko salama, na Jumamosi ijayo saa moja asubuhi kila mtu atapokea karatasi ya kituo chake na mpaka wake. Kila mtu. Kaskazini na kusini.

Nimeongopa mbele ya watu ishirini na mmoja nikiwa na shoka mkononi. Teuvo peke yake hakucheka. Alinitazama kidogo, kisha akarudi kwenye kuni zake.

Jumapili, 6 Oktoba

GLAVU!

Nilikuwa kwenye sauna, kibanda cha mvuke, nimemwagia mawe maji mara ya tatu, naangalia ule mstari wa vigingi mlangoni. Zimetundikwa pale glavu zangu za kuwindia, nilizifua jana. Na nikapiga ukelele hadi jirani akaniuliza dirishani kama nimeungua.

Kiraka cha saba! Changu mwenyewe! Nilikiandika miaka miwili iliyopita, baridi ya Novemba, kwa sababu vitufe vya kufungulia simu vilikuwa vidogo na mimi sitaki kuvua glavu kituoni kila anapoita mtu. Nikavifanya vikubwa mara mbili. Nilikiingiza kwa mkono, ndani kabisa, kwa hiyo hakionekani kwenye orodha ya viraka. Nimekizoea hadi nikadhani ndivyo simu ilivyozaliwa.

Kwa hiyo kosa ni langu. Sawa. Lakini nimelipata mwenyewe, tena uchi, bila kompyuta! Nani mwingine angelipata?

Sitagusa kitu leo. Kesho nina mapumziko ya mchana. Kichwa kipoe.

Jumatatu, 7 Oktoba

Inaishi. INAISHI!

Naandika yote kwa mpangilio, kwa sababu sitaki baadaye nijiambie ilikuwa bahati.

Nilifuta meza ya jikoni. Kompyuta, kebo nzuri (si ile ya redioni), chaja, kahawa mbali. Nikaizima simu kabisa. Nikashika kitufe cha kupunguza sauti, nikakishikilia, nikachomeka kebo. Kioo kikawa cheusi, halafu maandishi madogo meupe: hali ya uokoaji. Nilikuwa sijawahi kuyaona kwenye simu yangu mwenyewe. Ya wengine nimewaelekeza mara nyingi, kwa maneno. Kumbe ikiwa yako unakagua kebo mara tatu.

Kwenye kompyuta nikaandika anwani ya simu. Ikajibu! Orodha ikaja. Namba moja: kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Ipo juu kabisa, mtu mwenye haraka ataibonyeza hiyo hiyo. Nilikunja kidole kabisa kisiende huko. Nikachagua kwanza kukagua mafaili. Mazima. Kisha nikachagua kuingia ndani kwa amri. Ikaomba namba yangu ya siri, nikaandika, na namba hazionekani unapoandika, unaandika gizani.

Nikaingia.

Nikatembea folda kwa folda hadi kwenye kioo cha kufungulia. Na hapo palikuwa na kazi yangu ya Novemba ile, na jina langu juu yake, na maneno niliyoandika: “Kwa vidole vya Raija, msiguse.” Nilicheka peke yangu. Nikakihamisha kando, sikukifuta. Nikarudisha faili la asili mahali pake. Nikasoma kila amri mara mbili kabla ya kubonyeza, kama tulivyokuwa tukifundishwa mstarini: jicho, mkono, jicho. Nikatoka. Nikaiamuru iwake upya. Nikachomoa kebo nilipoambiwa.

Nembo.

Nembo bado.

Niligeuka nikaosha kikombe ambacho kilikuwa kisafi.

Halafu ule mlio wake wa kuamka. Saa, tarehe, na vitufe vidogo vidogo vya kufungulia, vile vya asili. Sijawahi kufurahia vitufe vibaya namna hiyo! Nikacheza jikoni na soksi. Picha zipo. Majina yapo. Ujumbe upo. Hakuna hata kimoja kilichopotea.

Na hakuna aliyenisaidia. Naandika tena: hakuna. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa, jikoni kwake, kwa kebo moja. Wale waliotugawia maboksi wangekuwepo waone.

Jumanne, 8 Oktoba

Nilikwenda hadi kinamasini baada ya kazi, makusudi. Setilaiti: sekunde ishirini na nane! Nilipima mara tatu.

Nikapitia kwa Helinä kumwonyesha.

“Kwa hiyo ilikuwa imekufa,” akasema.

“Haikufa. Ilisimama.”

“Tangu lini?”

“Si hoja.”

“Tangu lini, Raija?”

Nikamwambia tangu Alhamisi. Akaniuliza mbona Jumamosi nilisema bandani kila kitu kiko salama. Mume wa jirani yake alikuwepo, alimsimulia. Nikasema kilikuwa salama, ila kilikuwa hakijui. Amenicheka hadi machozi. Acha acheke. Simu iko mfukoni inafanya kazi.

Kesho zamu ndefu. Keshokutwa narudisha programu ya ramani na kuchapisha karatasi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nilikula supu ya njegere kantini kama Alhamisi zote, na chapati za maji na jamu, nikarudi nyumbani nimeshiba na nimefurahi. Nikarudisha programu ya ramani. Nikavuta nakala kutoka kwenye kadi.

Ramani ikafunguka. Vituo sitini na viwili. Nikasogea kaskazini. Nikaona mstari wa zamani unapita katikati ya uwanja wa Lehtola, palepale kwenye trampolini.

Ni ya Juni.

Nikavuta nakala ya kwenye kompyuta. Ya Juni.

Nimekaa chini sakafuni. Nimeelewa yote mara moja. Programu ile huweka alama mpya kwenye folda iliyofichwa, yenye nukta mwanzoni mwa jina. Nakala ya kawaida hupita juu yake kama haipo. Juni nilitoa ramani kwa mkono nikaiweka kwenye hati, kwa hiyo ya Juni ilinakiliwa. Ya Agosti haikunakiliwa. Na Jumatatu ile iliponiuliza ufute na data zake, mimi na usafi wangu –

Ndiyo. Nilijibu ndiyo.

Nimerudi hali ya uokoaji, nimetafuta kila pembe. Haipo. Nakala mbili! Nilijisifu humu humu, karatasi chache nyuma. Nimeisoma nikaona haya, na hakuna mtu mwingine humu chumbani.

Mwenye shamba aliyetuonyesha mipaka yuko Visiwa vya Kanari hadi Novemba. Nilimpigia. Upepo unavuma kwenye simu, akasema Raija, ule msonobari wenye matawi mawili, unaujua. Misonobari yenye matawi mawili iko mia nne.

Naweza kuchora kwa kukumbuka. Nakumbuka vizuri. Karibu yote. Hakuna atakayejua.

Watoto wanne. Mdogo wao huvaa kofia nyekundu.

Hapana. Nimeomba siku ya mapumziko kesho. Natoka kukipambazuka nipime upya. Nikishindwa, nafunga kaskazini. Nikifunga kaskazini, nitawaambia sababu, na matokeo ya uchaguzi wa kiongozi majira ya kuchipua nayajua tayari.

Ijumaa, 11 Oktoba, saa tisa mchana

Naandikia jikoni kwa Teuvo. Ameniruhusu. Mikono yangu ikikaa bure itamnyang'anya kompyuta.

Asubuhi: ukungu mzito, hatua ishirini mbele huoni. Nimepima vituo vitano kati ya kumi na tisa, na viwili kati ya hivyo siviamini. Sijui kama ule ni mwamba wetu au mwamba mwingine. Agosti alikuwa ananionyesha Teuvo kwa fimbo: ule, si ule. Mimi nilikuwa nabonyeza tu. Nilijiona natengeneza ramani, kumbe nilikuwa karani wake!

Saa sita nikaacha. Nikakaa garini nje ya nyumba yake robo saa nzima. Kumtembeza upya na magoti yale katika ukungu huu haiwezekani. Kijitabu chake, nikasema. Kijitabu hakipotezi chochote. Nitaomba kijitabu, atacheka mpaka akohoe, atawasimulia wote, na kaskazini itakuwa salama. Nikapiga moyo konde nikashuka.

Alifungua akiwa na soksi za sufu. Hakuuliza kitu. Akaweka kahawa. Kwao kahawa haikwepeki, hata uje kumwambia nyumba inaungua. Nikamwambia yote nikiwa bado nimesimama na koti. Glavu, kiraka, nembo, nukta, ndiyo-ndiyo-ndiyo. Nilimwambia na uongo wa bandani. Nikasema nahitaji kijitabu chako cha Agosti, Teuvo.

Akamimina kahawa. Akasema hakuna kijitabu cha Agosti.

“Hakuna vipi? Ulikuwa unaingiza mkono mfukoni kila kituo! Nilikuona!”

“Haikuwa kijitabu.”

Akaenda kwenye kabati la mkate. Akatoa mkate mweusi, akatoa boksi la makombo, halafu nyuma kabisa akatoa soksi ya sufu ya mguu mmoja. Ndani yake simu. Ya kwangu! Yaani si yangu, ya aina yangu, ile ya pili niliyokuwa nayo, yenye mgongo wa rangi ya chungwa. Aliinunua mnadani Machi, akasema. Aliuziwa kwa bei ya pakiti mbili za kahawa. Akajifunza mwenyewe, jioni, na miwani mbili moja juu ya nyingine. Programu ileile ya ramani. Kila kituo nilichobonyeza mimi, naye alikibonyeza mfukoni.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Nikuambie ili unifundishe?” akasema. “Mbele ya Esko?”

Ningemfundisha kweli. Na mbele ya Esko.

Septemba ikamwambia kuna sasisho. Akabonyeza. Ilikuwa na toleo la zamani sana, akaruka yote ya katikati akaenda moja kwa moja jipya. Tangu hapo nembo, giza, nembo, giza. Akaitia kwenye soksi. Jumamosi bandani aliponiuliza kituo cha ishirini na tatu hakuwa ananitania, akasema. Alitaka kuona tu kama yangu inawaka.

Basi nikaanza kucheka, na yeye akaanza, tukacheka vibaya, wazee wawili na soksi mezani.

Halafu nikaacha, kwa sababu kitu kilinijia. Teuvo hakufuta chochote. Hakufanya usafi. Hakujua kama kuna usafi! Ile folda ya nukta bado imo ndani, kama haikuharibika. Alama kumi na tisa. Nikakimbia garini kuchukua kompyuta na kebo.

Sauti chini, shikilia, chomeka. Mara ya kwanza haikukubali. Mara ya pili maandishi meupe. Anwani. Orodha. Alitaka kubonyeza namba moja kwa sababu ndiyo ya kwanza! Nikamshika mkono. Nikamwambia taratibu, jicho, mkono, jicho. Simu ni yake, ataandika yeye. Nilijizuia, Mungu anajua. Anatumia kidole kimoja na anatafuta kila herufi kama anachuma zabibu pori. Lakini hajakosea hata moja. Amekagua mafaili: kasoro mbili, zimerekebishwa. Amechagua kuingia ndani.

Sasa inaomba namba yake ya siri.

Ameandika. Imekataa.

Anasema aliibadilisha Agosti, iwe ngumu, kwa sababu jukwaani kuna mtu mmoja mkali sana anasema namba za siri za tarehe ya kuzaliwa ni ujinga. Sikumwambia mtu huyo ni nani.

Ya pili. Imekataa. Ikikataa mara tano inajifunga.

Simu yangu inalia: Esko, anauliza kesho maegesho ni upande gani, kaskazini au kusini. Nimemwambia angoje. Inalia tena, mwingine. Nimeigeuza kifudifudi. Kwenye dirisha la Teuvo ukungu umeshuka hadi kwenye boksi la barua.

Amevua miwani ya juu, ameifuta kwa shati. Ameirudisha.

“Raija,” anasema bila kugeuka. “Ikigoma, kesho utawaambia nini?”

“Nitawaambia kaskazini imefungwa. Kwamba niliharibu ramani kwenye simu yangu.”

Ameanza jaribio la tatu: tarakimu ya kwanza. Ya pili. Amesita, kidole hewani.

“Kwenye simu zetu,” anasema. “Sema hivyo. Zetu.”

Ameandika ya tatu. Nimegeuza uso dirishani nisione, naandika bila kutazama karatasi, namsikia anapumua kwa pua. Ya nne.